Yule mama mshauri wa waliotendwa hapa Mtwara: nampa nyota nne, ya tano nimeikata kwa sababu zangu

Haya jamani, kuna watu wananiuliza pembeni kuhusu yule mama mshauri niliyempelekea mdogo wangu alivyopigwa kibuti, nimechoka kumjibu kila mtu kivyake na voisi za dakika nne nne, naandika hapa mara moja kila mtu asome. Jina lake sitaji, hajanituma kumtangazia na mwenyewe hana hata bango nje, watu wanapeana namba tu. Ni nesi mstaafu, miaka mingi alikuwa kwenye ushauri nasaha, alipostaafu akaona nyumbani kunachosha akaanza kupokea watu barazani kwake upande wa Shangani. Mabenchi mawili, mkeka, ubao wa plaiwudi umepakwa rangi nyeusi na kapu moja la ukindu, hilo kapu ntalieleza.

Bei kwanza maana najua ndo mnachotaka. Kikao cha kikundi Jumamosi mchana ni elfu 5 kwa kichwa, cha peke yako siku za katikati ya wiki ni elfu 20, na msindikizaji anakaa bure kikao cha kwanza ila akiendelea kuja na yeye analipa, mimi nimelipa kwa sababu nilinogewa.

Sasa kilichotupeleka. Mdogo wangu ni kijana mzima, miaka 24, msimu wa korosho uliopita alipata kibarua ghalani, ile miezi ya minada ambayo hela inaonekana kwa macho mji mzima, na huko huko akakutana na binti aliyetoka Dar kuja kumsaidia shangazi yake kuuza chakula kwa wapakiaji. Miezi mitatu. Ndani ya miezi mitatu dogo keshamuita mke wangu, keshamnunulia simu, keshaulizia kiwanja Mkanaledi, na mama yetu mzazi keshaambiwa ajiandae na mambo ya posa. Minada ikaisha, shangazi akafunga banda, binti akarudi kwao, wiki ya kwanza meseji zinajibiwa, ya pili zinajibiwa usiku tu, ya tatu kijana kablokiwa kila kona. Basi bana. Mtu hali, halali, anakonda unamuona, saa tisa usiku unamkuta kakaa mlangoni anaangalia picha ya yule binti kwa simu yangu kwa vile yake haioni kitu.

Na kabla sijajua kinachoendelea alikuwa keshaenda kwa wale waganga wa vibao vya kwenye nguzo za umeme, kurudisha mpenzi ndani ya masaa 24, kaacha laki na nusu pamoja na kuku mweusi. Masaa 24 yakapita, hakurudi binti wala kuku. Kwahiyo mtu akija kuniambia elfu 5 ya huyu mama ni nyingi namuangalia tu.

Kikao kinavyoenda. Unafika, unasalimia shikamoo mama, unapewa maji, halafu simu yako inaingia kwenye kapu. Sio kuzima, kuitoa kabisa mkononi. Nyie mngeona watu wazima wanavyohangaika hapo! Kuna dada mmoja aliomba kuiangalia mara ya mwisho mara tatu, na kuna kijana alikuwa kila ikilia simu yoyote kwenye kapu anainua shingo, mama anamwambia mwanangu tulia sio yako, na kweli haikuwa yake. Nikacheka moyoni halafu nikamtazama mdogo wangu nikaona na yeye kaishikilia ile benchi kwa mikono miwili, nikaacha kucheka.

Baadae ndo mama akaeleza kwanini. Alisema kuna watafiti Marekani, akina Helen Fisher na wenzake, mwaka 2005 walitoa matokeo baada ya kuwaingiza watu 17 waliokolea mapenzini kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, wakawaonyesha picha za wapenzi wao, na sehemu zilizowaka ni zile zile za mtu anayesaka kitu cha kumfurahisha, zile zinazofanya kazi na kemikali inaitwa dopamini. Mwaka 2010 wakarudia kwa watu 15 walioachwa na bado wanapenda, na zile sehemu bado zikawaka, kwamba ubongo wa aliyeachwa haujaacha, unaendelea kudai, na baadhi ya hizo sehemu ndo hizo hizo zinazohusika kwenye uraibu wa kokeini. Kwahiyo ukimfungulia picha yake saa tisa usiku hujipozi, unajidunga. Hiyo alisema taratibu bila kumtazama mtu, ila mdogo wangu aliinamisha kichwa.

Ila kitu ambacho naona ndo kinafanya huduma hii iwe na thamani ni karatasi. Anakupa karatasi ya daftari, unaikunja katikati, upande wa kushoto unaandika uliyoyaona kwa macho yako kuhusu huyo mtu, kulia unaandika uliyoyajua bila kuyaona. Watu wanaanza kwa mbwembwe, wanajaza tu, halafu mama anapita nyuma ya mabenchi anauliza mwanangu hili uliliona lini? Dogo kaandika kushoto, anaheshimu wazazi. Uliliona lini? Kimya. Aliniambia anampenda sana mama yake. Haya lipeleke kulia. Mwaminifu. Uliliona lini? Kulia. Mvumilivu. Kulia. Hapendi hela. Hapo hata yeye mwenyewe alilipeleka kulia bila kuulizwa, watu wakacheka na yeye akacheka, mara ya kwanza namuona anacheka tangu mambo yaharibike.

Mwisho wa zoezi kushoto kwake kulibaki vitu vinne: anacheka vizuri, ananukia vizuri, anapika wali nazi, anajibu meseji haraka. Na hicho cha mwisho muda wake ulikuwa umepita.

Halafu yanakuja maswali, na hapa jiandae maana huyu mama habembelezi. Akikasirika anafanyaje, ananyamaza au anatukana? Anadaiwa na nani? Mkikosana nani anaanza kumsalimia mwenzie? Ulishawahi kumuona anaumwa? Yeye kakuona wewe huna hata mia mfukoni? Rafiki yake wa siku nyingi ni nani na anasemaje juu yake? Dogo hakuwa na jibu hata moja, hajawahi kumkasirisha, hawajawahi kukosa hela pamoja maana walikutana msimu wa hela, hawajawahi kuuguziana. Nilitegemea mama atamwambia ulikuwa mjinga lakini hakusema, alimwambia hivi, wewe hukudanganywa sana, sehemu kubwa ulijaza mwenyewe, na ulichojaza ni kizuri kwa hiyo usikione aibu, ila mwenye nacho ni wewe sio yule binti.

Kulikuwa na baba mmoja mtu mzima katokea Tandahimba kamleta binti yake, mkulima, alikaa kimya muda wote mpaka tukadhani kalala, alipopewa nafasi akasema mimi mkorosho ukitoa maua siendi kukopa. Benchi zima likaangua kicheko. Ila watu wa huku tunaelewa anachosema, maua yanakuja mti mzima mweupe unapendeza, halafu ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, unapiga na kama hujapuliza dawa ya salfa unakuja kuokota vibibo vya kuhesabu. Mama alimwambia mzee wangu umenimalizia somo, nikirudia mimi ntaharibu.

Kwenye ubao huwa anachora pembetatu, anasema kuna mwanasaikolojia anaitwa Robert Sternberg alileta hii mwaka 1986, kwamba mapenzi yana pembe tatu, ukaribu wa kujuana na kuaminiana, ashki ya mwili na mvuto, na uamuzi wa kubaki na huyo mtu. Ukiwa na ashki peke yake bila hizo mbili umedata tu, haijalishi unalia kiasi gani. Na machozi ni ya kweli, hilo alilirudia sana kwa sababu kuna wazazi wanakuja na watoto wao wanawaambia acha ujinga hayo sio mapenzi, eti wakishaambiwa hivyo maumivu yataisha. Maumivu yapo pale pale. Mtu anaweza kuwa kakosea jina la alichonacho na bado kinamuua.

Alitaja pia mama mmoja mtafiti, Dorothy Tennov, aliyeandika mwaka 1979 juu ya hii hali ya kumuwaza mtu kutwa kucha na kutafuta dalili kwenye kila neno lake, kwamba mara nyingi hudumu kati ya mwaka na nusu hadi miaka mitatu, na inalishwa na mashaka. Yaani ukiwa hujui unapendwa au hupendwi ndo inakolea zaidi. Hapo nikaelewa kwanini mtu anayejibu meseji moja kati ya tano anapendwa kuliko anayejibu zote, jambo ambalo limenisumbua tangu sekondari.

Sasa nije kwenye nyota niliyoikata. Siku moja alikuja dada kutoka Lindi, kavaa buibui, mtulivu, kaletwa na wifi yake, wifi upande wa mume kabisa nikashangaa. Akapewa karatasi kama wengine. Yule dada aliandika kushoto mpaka karatasi ikajaa akageuza nyuma. Anakunywa chai bila sukari tangu baba yake alipofariki kwa kisukari. Akikasirika anaenda kuosha baiskeli. Nilipojifungua mtoto wa pili mimba imesumbua alilala sakafuni hospitali. Kulia hakuwa na kitu, alichora mstari tu. Miaka kumi na moja ya ndoa, mume kaoa kwingine Nachingwea na hataki kurudi. Mama alipofika kwake akasoma, akasimama kidogo, akaichukua ile karatasi akaikunja akamrudishia, akamwambia mwanangu wewe hukupaswa kukaa hapa, samahani, hili lako lingine.

Na kweli lilikuwa lingine! Wote tuliliona. Sisi wengine tumekuja kulilia watu tusiowajua, yeye anamlilia mtu anayemjua mpaka chai anavyokunywa. Yule hakudata, yule alipenda, na kufundishwa kwamba hisia zitapita baada ya mwaka na nusu ni kumtukana. Yeye anahitaji kuomboleza kama mfiwa, na pia anahitaji kujua haki zake za watoto na mali walizochuma pamoja, mama alimwambia hayo mengine aende ustawi wa jamii. Akamuhamishia kikao cha peke yake. Ambacho ni elfu 20. Mtu katoka Lindi kwa nauli yake, kalipa elfu 5 kukaa kwenye kundi lisilomhusu, kaongea ya ndani mbele ya watu baki, halafu aongeze 20. Nilimwambia mama kwa heshima kabisa baada ya kikao kwamba awe anawauliza watu kwenye simu kabla hawajaja, dakika tano tu zingetosha, akasema ni kweli ila watu kwenye simu wote wanasema kitu kimoja, nimeachwa. Sawa, lakini bado. Nyota imekatika hapo.

Malalamiko mengine ni madogo madogo. Mnaambiwa saa nane, mnaanza saa tisa na nusu. Umeme ukikatika feni inakufa na baraza lile jua la mchana linaingia lote. Kuna fundi pikipiki nyumba ya pili, mtu analia huku huku boda inapigwa resi. Choo kiko nyuma kisafi. La kuzingatia zaidi ni kwamba Mtwara ni ndogo, kila kikao mnaapa kwamba ya hapa yanabaki hapa na sijasikia lililovuja, ila hauzuii kukutana na mtu unayemjua, mimi nilikutana na mteja wangu ananidai khanga pea mbili tukajifanya hatuonani. Kama wewe ni mwalimu au mtu wa ofisini lipa tu ya peke yako.

Wanaume wachache. Mara nyingi alikuwa dogo na yule wa kuinua shingo. Wanaume wa huku akiachwa anaenda kwenye uraka, pombe ya mabibo, akitoka huko anatafuta mwingine wiki hiyo hiyo, na mama anasema hao ndo anaowapokea baada ya miaka wameachwa na watu watano mfululizo kwa mtindo mmoja.

Kuhusu kupona, usitegemee dawa. Anakupa masharti ya kawaida mpaka unaona umeibiwa. Namba na picha usifute kwa hasira maana utazitafuta, mpe mtu unayemuamini akutunzie. Kumsema huyo mtu unapewa nusu saa kwa siku, na msikilizaji mmoja, ikiisha imeisha. Hiyo nusu saa msikilizaji nilikuwa mimi, siku za mwanzo dogo aliimaliza yote na akataka kukopa ya kesho, baadae akawa anaongea dakika kumi anaanza habari za Simba. Lala na amka kwa saa zile zile kila siku hata kama hujasinzia. Kula, hata ming'oko na chachandu, lakini tumbo liwe na kitu. Na kila siku uende mahali hamjawahi kwenda wote, yeye alikuwa anapanda pantoni anavuka Msangamkuu anatembea ufukweni anarudi, nauli ni ndogo na kule hajawahi kwenda na yule binti kwahiyo hakuna mti wa kumkumbusha kitu.

Kitu kingine nilichompendea, anajua mipaka yake. Mtu akisema haoni sababu ya kuishi, au hajala wala kulala siku nyingi, anamsimamisha hapo hapo na kumpeleka hospitali ya rufaa ya mkoa Ligula, hajifanyi anaweza kila kitu. Na alitutahadharisha kwamba kifua kikibana usiseme ni mapenzi tu, mshtuko mkubwa wa moyoni unaweza kudhoofisha misuli ya moyo kweli kweli, madaktari wanalijua hilo na linawapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, kwahiyo mama yako mzazi akifiwa au akaachwa akalalamika kifua mkimbize hospitali ashughulikiwe kama mgonjwa wa moyo mpaka waseme wenyewe sio.

Tuseme na la unyago maana kuna mtu aliniuliza kama huyu mama anapinga mila. Hapingi, mwenyewe kachezwa na wanawe kawacheza. Anachosema ni kwamba sisi watu wa kusini tunafundishwa mapema sana jinsi ya kumpokea mtu, ngoma zinapigwa usiku kucha kwa ajili hiyo, ila hakuna anayekaa na kijana kumfundisha jinsi ya kumchunguza huyo mtu kwanza wala jinsi ya kukaa akishaondoka. Enzi za gesi asilia ilivyopamba moto hapa mjini, wageni wamejaa, nyumba za kupanga zimepanda bei, anasema alipokea mabinti wengi waliodhani wameolewa kumbe walipangishiwa chumba. Siku hizi kinacholeta hayo ni msimu wa korosho. Mtu unayekutana naye mwezi wa kumi, mama anasema msubiri mpaka mwezi wa nne, hela ikate, mvua inyeshe, muone mnavyoongea.

Dogo yupo. Kanenepa kidogo. Simu yake ilishafunguliwa ile blok, binti mwenyewe alimtafuta mwezi wa tano kumuomba hela ya matibabu ya shangazi, dogo alitoa elfu 10 akasema pole na akarudi kulala, asubuhi ndo akaniambia. Kuna binti mwingine anamsalimia salimia pale mtaani, dogo ana karatasi kama ile kwenye pochi, nimeiona, kushoto ana kitu kimoja tu mpaka sasa: alirudisha chenji iliyozidi.

Kwa wanaotoka Lindi, gari ni kama masaa mawili, pandeni la asubuhi. Masasi na Newala njooni mlale. Piga simu siyo meseji, meseji hasomi, na mwambie kabisa kama wewe ni wa miezi mitatu au wa ndoa ili usije kulipa mara mbili. Lipa kwa simu au uende na hela kamili, chenji hana, na kiti kizuri ni kile cha pembeni ya mlango hata umeme ukikatika upepo wa bahari unakufikia.